Vidole Viwili Chini ya Koo

Kila mutu mu Nchelenge anajua namna ya kumuvalisha bibi arusi, isipokuwa bibi arusi mwenyewe. Hiyo niliijua wakati mudogo wangu alipotaka kubariki ndoa yake kanisani. Tangu pale, mutu akianza kunieleza shingo gani ya nguo inamupendeza mwanamuke gani, ninabeba beseni yangu ninaondoka. Nilishasikiliza ya kutosha.

Kazi yangu mimi ni samaki. Ninakaa ku Kabuta, pembeni ya ziwa. Mitumbwi ikifika ninanunua, ninapasua, ninatia chumvi, ninaanika, na watu wa baiskeli wanabeba kupeleka ndani ya inchi. Tulivuka kutoka Congo mimi na mudogo wangu, tukapita kambini kama wengine, tukalima muhogo wa kambi mpaka tukachoka, nyuma tukashuka ku ziwa. Wazazi walibaki ng'ambo, mu udongo. Yeye njo mutu wangu, mimi njo mutu wake. Basi munijue vizuri tangu mwanzo: mimi si mutu wa mitindo, lakini nina macho, na mudomo wangu haujui kukaa kimya.

Mudogo wangu alikuwa akikaa na kijana mumoja wa Puta, muvuvi, mwenye maneno machache na nyavu nzuri. Walikaa hivyo bila kanisa, kama nusu ya watu wa ziwa hili wanavyokaa, maana arusi ni mambo ya watu waliopumzika. Wakazaa mutoto wa kwanza. Siku moja mudogo wangu akavuka kwenda kuuza samaki ng'ambo, akamuacha mutoto kwa mama mukwe, homa ikamushika mutoto. Aliporudi wakamwambia alilia, alilia sana, halafu akanyamaza. Tukaenda kuita watu wa kanisa waje waombe kaburini. Wakajibu kwamba wazazi hawajabariki ndoa, kwa hiyo haiwezekani. Tulimuzika wenyewe. Mimi njo niliyeomba, na sala ile Mungu anaijua, haikuwa na adabu.

Nyuma akazaa wa pili, mwanaume tena. Huyu hajui chupa, hajui kijiko, hajui kikombe. Anajua titi la mama yake tu. Na mudogo wangu hamuachi alie. Akisikia sauti yake, hata kama yuko katikati ya kubishana bei na muchuuzi, anaacha samaki wote pale anakimbia. Watu wanamucheka kwamba anadekeza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wacha wacheke.

"Yaya," akaniambia, maana mimi ni dada yake mukubwa, "nataka tubariki ndoa. Nataka huyu wamupeleke mbele ya Mungu angali muzima. Nisikataliwe tena."

Hapo njo yote yalianzia. Hakuwa anatafuta urembo wala kupigwa picha. Alikuwa anatafuta kanisa limujue mutoto wake.

Sasa nguo. Pale Nchelenge nguo za arusi hazinunuliwi, zinakodiwa. Kuna mama mumoja karibu na soko anazo tatu, anazitundika kwa waya mbele ya duka yake, pembeni ya sanamu ya plastiki isiyokuwa na kichwa. Zinakula vumbi ya barabara mpaka Ijumaa, Ijumaa anazifua, Jumamosi zinaenda kuolewa. Zile nguo zimeolewa kuliko mutaa muzima. Na kwa kuwa kila kanisa lina sheria yake, hili linasema fungeni, lile linasema fungueni kidogo, shingo za nguo zile zimeshonwa na kufumuliwa, zimeshonwa na kufumuliwa, mpaka kitambaa kimekuwa matundu kama chujio.

Mwenye nguo alikuwa amekaa Lusaka muda kidogo, na Lusaka ilimupanda kichwani. Alitukalisha kwa kiti, akatoa simu yake, akaanza kutufundisha. Picha za wazungu, moja nyuma ya nyingine, wanawake wembamba ambao hawajawahi kuinua kitu kizito kuliko kijiko. Eti kuna shingo ya V, kuna shingo ya moyo, kuna shingo ya mashua, kuna ya kuacha mabega nje. Eti mwenye shingo fupi avae V ili shingo irefuke. Mwenye mabega mapana asiguse ile ya mashua. Mwenye uso wa mviringo atafute kitu chenye pembe. Alisema yote hayo kwa sauti ya mutu anayesoma Maandiko, halafu akasimama, akamushika mudogo wangu bega, akaliminya kama mutu anayepima nyanya sokoni.

"Haya mabega ni shida," akasema.

"Shida ya nani?" nikamuuliza. "Yamebeba samaki kutoka ku maji mpaka ku barabara, hayajamulilia mutu."

Akazunguka mbele. "Na hii kifua, iko mingi sana. Lazima tuipunguze."

"Hiyo kifua iko ku kazi, mama. Kuna mutu anakula mule."

Mudogo wangu akanifinya mukono ninyamaze. Yeye alikuwa amekaa pale na mutoto magotini, macho kwa nguo ya katikati. Akaniinamia sikioni: "Yaya, mimi sitafuti ya kurefusha shingo. Natafuta ya kufunguka mbele. Vifungo, kulabu, kitu chochote. Mutoto akilia, nifungue."

Na ile ya katikati ilikuwa hivyo. Vipande viwili vya satini vinapishana kifuani, vinashikwa na kulabu ndogo kwa ndani, shingo inateremuka kama V mpaka pale mifupa ya kifua inapokutana. Akaijaribu. Mawe, mama yangu! Mudogo wangu yule mwenye magamba ya samaki mu kucha, shingo yake ikatoka ndefu, laini, inang'aa, na mabega yale ya shida yakakaa kama yalitengenezwa kwa kazi hiyo. Mutoto alipoanza kunung'unika, akatoa kulabu mbili, akamupa titi, hata mukunjo wa nguo haukuhama. Nilitaka kulia, nikajifanya nakohoa kwa sababu ya vumbi. Jambo lingeishia pale, kama dunia ingekuwa na akili.

Lakini kanisa lile lina desturi. Nguo ya arusi haivaliwi kama kamati ya wamama haijaiona. Wanakuja nyumbani, wanakaa kwa mikeka, wanapewa soda, bibi arusi anavaa, na mama pasta, bibi wa muchungaji, anapima. Anaweka vidole vyake viwili, kimoja juu ya kingine, chini ya kile kishimo cha koo. Nguo ikiishia hapo, ni ya Mungu. Ikiteremuka kupita vidole viwili, ni ya shetani. Mama pasta ana vidole vyembamba kama vijiti vya kiberiti. Kama Mungu angemupa vidole kama vyangu hivi vilivyovimba na chumvi, wasichana wote wa kanisa lile wangepata kupumua.

Basi wakaja. Na siku hiyo hiyo akafika shangazi yetu kutoka Lubumbashi. Wakati tulikuwa kambini tukilala chini ya turubai, shangazi hakutuma hata kipande cha sabuni. Lakini neno arusi lina harufu, na harufu hiyo inavuka ziwa. Alishuka na perike mbili, zile nywele za kuvaa, moja kichwani moja mu sakoshi, na kabla hajaketi akauliza ni nani atapiga video.

Mudogo wangu akatoka chumbani na ile nguo. Nikamuona mama pasta akivuta pumzi kwa pua. Akasimama, akaweka vidole. Vidole viwili vikaisha, V ikaendelea. Akaongeza vingine viwili, V ikaendelea. Akaweka kiganja kizima, akageuka kwa kamati, uso umekunjamana kama mutu aliyeuma limao.

"Bamama, munaona?"

Bamama wakaona. Wakatikisa vichwa wote pamoja, na soda zetu mukononi.

"Mama," mudogo wangu akasema polepole, "ni juu ya mutoto. Anyonye."

"Mutoto gani?" mama pasta akauliza.

Mutoto gani! Na mutoto alikuwa pale pale, mukekani, amemushika yeye mama pasta pindo la kitenge chake.

"Binti yangu," akamwambia kwa ile sauti yao ya kupakwa asali, "mutoto hahudhurii arusi ya mama yake. Ni aibu. Watu watasema nini, wakiona bibi arusi mu nguo nyeupe na mutoto kwa titi?"

"Watasema amezaa," nikajibu mimi. "Watakuwa wamekosea wapi? Ama mutoto huyu alizaliwa na kamati?"

Wakafunga macho, wakaniombea. Walipofungua, shangazi akachukua neno. Nilifikiri, huyu angalau ni damu yetu, atamutetea mutoto wa kaka yake. Kumbe! Shangazi alisimama, akazunguka nguo, akachekea puani.

"Weye, hii V ni ya zamani sana. Kwetu Lubumbashi hakuna mutu anavaa tena dekolte ya hivi. Sasa hivi ni dantele, mpaka huku." Akajigusa chini ya kidevu. "Imefungwa yote, na lulu, na zipu ku mugongo. Njo klase. Ku video itatoka muzuri kabisa."

Mama pasta akamutazama shangazi kwa upendo. Mumoja anataka kufunga kwa ajili ya mbinguni, mwingine anataka kufunga kwa ajili ya video, na wote wawili wakakutana kooni mwa mudogo wangu. Sijawahi kuona utakatifu na majivuno vikipatana haraka namna ile. Mwenye nguo akaitwa, na yeye, aliyetufundisha kwamba mwenye shingo fupi asifungwe shingo, akasema ndiyo, ndiyo bamama, itamupendeza sana. Simu yenye picha ilikuwa mu mukoba, haikutoka.

Wakakubaliana: kulabu zitoke, V ishonwe, juu yake dantele ile ya matundu-matundu mpaka kidevuni, mugongoni zipu. Na mutoto abaki kwa jirani yetu, mama mumoja Mubemba mwenye moyo muzuri, mpaka arusi iishe. Saa moja tu, mama pasta akasema. Ibada yao haijawahi kuwa ya saa moja tangu Mungu aumbe ziwa.

Usiku haukufika bado, nikamushika mudogo wangu nyuma ya nyumba. "Kataa," nikamwambia. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, na hawa wanataka ikusitiri mpaka roho. Kataa."

"Wakikataa kubariki je?"

"Wakatae!"

"Yaya, weye ulimuombea wa kwanza," akasema. "Uliomba vizuri, mimi nilisikia. Lakini sitaki uombe tena. Wacha wanivalishe hata gunia, mradi wamuandike mutoto."

Nikaokota beseni yangu, nikaenda kugeuza samaki.

Siku ya arusi, asubuhi, mudogo wangu akamunyonyesha mutoto, akamukabidhi kwa jirani, akamutazama mpaka walipokata kona. Halafu tukaanza kumuvalisha. Kuvalisha, kuchana, kupaka, kungojea shangazi achague perike, jua likapanda, na kifua chake kikaanza kujaa. Mwenye nguo alipopandisha zipu ilifika katikati ya mugongo, ikapasuka. Meno yote yakaachia.

Mutu yeyote mwenye akili angesema: bahati, turudishe ile V. Lakini tuko ku ziwa, na mutu wa ziwa akiona kitu kimepasuka anajua dawa moja tu. Mwenye nguo akatoka mbio, akarudi na uzi wa nyavu, ule wa nailoni mweupe, na sindano ya kuunganishia nyavu. Akamushona mudogo wangu ndani ya nguo. Haki ya Mungu, alimushona, kuanzia kiunoni mpaka nyuma ya shingo, mishono ya kurudia, na kila mwisho akafunga fundo la wavuvi ambalo likilowa linakaza zaidi.

"Hii haiachi hata samaki munene," akasema, anajisifu.

"Na atatoka namna gani?" nikamuuliza.

"Kesho. Tutakata kesho."

Shangazi akapiga makofi. Nguo ilikuwa inamukaa mudogo wangu vizuri sana kwa macho ya mutu ambaye hayumo ndani. Kidevu juu, lulu kooni, hawezi kuinama, hawezi kugeuka. Shingo yake ile niliyoiona dukani haikuonekana tena. Wakasema sasa njo bibi arusi.

Kanisani kwaya ya kwanza ikaimba, ikaja ya pili, ikaja ya vijana, ikaja ya wamama. Muchungaji akahubiri juu ya mwanamuke mwema mpaka nikamuonea huruma mwanamuke mwema mwenyewe. Mudogo wangu akasema "Ndiyo" yake, kijana wa Puta akasema yake, wakavalishana pete, wakatia sahihi. Mimi nilikuwa natazama mikono ya mudogo wangu. Ilikuwa inakunja na kukunjua leso. Tulipotoka nje akaninong'oneza bila kugeuza kichwa, maana kichwa hakigeuki: "Yaya, kifua kinawaka moto."

Nikamwambia shangazi tumurudishe nyumbani kidogo. Shangazi akasema haiwezekani, mutu wa kamera anataka picha za ziwa wakati jua ni zuri. Wakapigwa picha za ziwa. Wakapigwa wakitazama ziwa, wakapigwa wakiacha kulitazama. Kijana wa Puta, aliyezaliwa juu ya maji yale, aliambiwa alionyeshe kidole kama mutu anayeliona mara ya kwanza.

Nyuma tukaingia ukumbini, viti vya plastiki, mapuliza yaliyojazwa hewa, maspika yanayonguruma mpaka meno yanatikisika. Keki ikaletwa. Hapo wakakumbuka kwamba kamati nzima, na soda zote zile walizokunywa, hakuna mutu aliyeleta kisu. Shangazi akazunguka akiuliza, halafu akanitazama mimi. Mutu wa samaki hatembei bila kisu chake. Kilikuwa mu kikapu, kimefungwa kwa kitambaa, makali yake nayanoa mimi mwenyewe kwa jiwe. Shangazi akakishika kwa vidole viwili akiziba pua, akakiosha kwa sabuni, akakipulizia parfimu, akakifunga utepe mweupe kwa mupini. Akakilaza pembeni ya keki, na watu wakakiona kizuri sana.

Mutu wa mikrofoni alikuwa ndio anawainua bwana na bibi arusi, mara nikasikia sauti ya mutoto nje.

Nilimujua. Mama yake alimujua kabla yangu. Jirani yetu alikuwa mulangoni, mutoto mugongoni, jasho linamutoka, amekuja kwa miguu. "Ala, mayo!" alikuwa akiwaambia wale mabinti wa kamati waliosimama mulangoni. "Hataki maji, hataki uji, hataki kitu. Analia tangu asubuhi. Mupeni mama yake, mukwai!" Wale mabinti wakafunga mulango kwa miili yao. Mama pasta akawafanyia ishara ya mukono: nje, nje.

Na pale mbele, mwili wa mudogo wangu ukajibu. Maziwa yakatoka. Madoa mawili yakaanza kama sarafu, yakapanuka kama sahani, yakapenya satini, yakapenya dantele, mbele ya watu wote na mbele ya kamera. Mutu wa kamera akasogea karibu, mushenzi yule. Shangazi akaruka na maua.

"Shika hapa! Shika maua hapa! Cheka!"

"Ke!" mutu wa mikrofoni akapiga kelele, anaita jina la keki kipande kwa kipande ili likiisha ikatwe, yeye haoni kitu. "Watu wangu, tusaidiane! Keee!"

Nikamufuata mama pasta. "Mutoto aingie," nikamwambia.

"Keki kwanza, halafu zawadi, halafu sala ya kufunga. Mutoto hafi kwa kulia."

Alisema hivyo. Kwa mudomo wake. Mwanamuke wa kanisa lile lile lililokataa kuja kaburini kwa wa kwanza.

"Kiii!" mutu wa mikrofoni akamalizia, na watu wakapiga makofi, na nyuma ya makofi yale mutoto akanyamaza.

Akanyamaza hivi hivi, katikati ya kilio. Sauti ilikuwepo, haikuwepo tena.

Mudogo wangu akaacha maua yaanguke. Uso wake ulikuwa wa ile siku, aliposhuka mutumbwini na kuambiwa. Akataka kukimbia, nguo ikamubana magoti, akashika meza, akachukua kisu cha keki. Watu wakashangilia, wakafikiri ni keki. Akanigeuzia mupini wenye utepe.

"Yaya. Pasua."

Mimi sijui mashua wala moyo wala dantele. Lakini kupasua najua. Nikatia vidole vyangu viwili chini ya koo yake, kati ya lulu na ngozi, nikaviacha pale vilinde mwili, nikaelekeza makali nje, kama unavyofungua samaki usiguse nyongo. Nikavuta. Lulu zikaruka juu ya keki. Dantele ikaachia, satini ikaachia, na chini yake ule mushono uliofunga V ya kwanza ukafunguka wote mpaka mifupa ya kifua. Mudogo wangu akavuta pumzi kubwa, nadhani ya kwanza tangu asubuhi.

Bwana arusi, aliyekuwa amesimama kama nguzo ya umeme siku nzima, akaamuka. Akapita katikati ya viti, akawatenga wale mabinti wa mulangoni kwa mikono yake ya kuvuta nyavu, akarudi na mutoto. Mutoto alikuwa muzima. Alikuwa amekauka sauti tu, mudomo wazi, unalia bila kutoa kitu. Alipofikishwa kifuani aliuma kama mutu anayedai haki yake.

Muziki ulikuwa umezimwa. Mikrofoni ilikuwa imewekwa mezani pembeni ya keki, na haikuzimwa. Ukumbi muzima ukasikia mutoto akimeza, kupitia maspika yale makubwa. Hakuna kwaya iliyoimba vile siku hiyo. Shangazi alikuwa amefunika uso kwa perike ya pili.

Mama pasta akafika mezani. "Kifua wazi! Mbele ya watu wa Mungu!"

"Mama," nikamwambia, "njoo upime."

Akatazama vidole vyake, akatazama kisu changu, akatia mukono mu sakoshi. Lakini mudomo haukutosheka. "Huyu mutoto hakualikwa hapa," akasema.

Mudogo wangu hakuinua sauti. Alikuwa akimupangusa mutoto jasho, anamutazama yeye tu, na maneno yakaingia mu mikrofoni, yakawafikia wote mpaka waliokuwa nje.

"Wa kwanza naye hamukumualika, mama. Alingojea akiwa amenyamaza."

Muchungaji, kule kwenye kiti chake cha kitambaa, akaangalia viatu vyake. Mutoto akamaliza upande mumoja, akaachia, akaanza kutafuta wa pili. Mudogo wangu akajaribu kumuhamisha, satini ikamuzuia. Akanitazama. Nikapangusa parfimu kwenye kisu changu, nikaongeza kupasua.